Rangi ya Chambo Isiishie Mapafuni

Msikilizaji, umechonga chambo bandia cha kuvulia nguru, sasa unakipuliza rangi chumbani. Tazama kwenye mwanga wa dirisha: ule ukungu mwembamba unaoelea ni rangi iliyokikosa chambo. Itatua kitandani, kwenye sufuria na kifuani mwako.

Simamisha boksi kubwa la kupulizia chambo ndani yake, nyuma yake weka feni inayovuta hewa na kuitoa nje dirishani, na kichujio kati ya feni na chambo. Feni inayokupepea usoni haisaidii, inatawanya tu. Punguza presha ya kompresa, sogeza mdomo wa bomba la kupulizia rangi karibu na chambo, puliza tabaka jepesi jepesi.

Ndani ya nyumba tumia rangi ya maji, na bado uvae barakoa inayobana vizuri. Rangi ya thina ni hatari nyingine kabisa: mvuke wake hushika moto kwa cheche ya feni au kaa la jiko, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Hiyo ipulizie nje, usimame upande unakotoka upepo, watoto wakae mbali.

Na maji uliyooshea bomba, tafadhali, usiyamwage baharini.