Shahidi Asiyechanjwa: Nyati na Utambuzi wa Sotoka

Wazee wangu, mmeacha mifugo mkasafiri usiku kucha kuja kukaa kwenye viti hivi vigumu.

Profesa mpya akipewa jukwaa hili, desturi ni asimulie alichogundua yeye. Mimi nitamsimulia nyati. Huyu mnyama hatumpendi; anavunja uzio, anaua watu, analisha kupe wanaoua ng'ombe wetu. Lakini ndiye aliyetuwezesha kusema, bila kubahatisha, kwamba sotoka imekwisha duniani.

Nianze na jina. Wamaasai waliiita sotoka olodua, nalo ni neno lao la nyongo. Mtu aliyepasua mzoga wa ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa huo alikuta kifuko cha nyongo kimefura kuliko kawaida, na jina likatoka hapo. Huo ni uchunguzi wa maiti uliofupishwa katika neno moja, kabla hatujawa na maabara. Ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, nayo jina lake limetokana na oltikana yao. Kwa hiyo tunapowafundisha wafugaji utambuzi wa magonjwa, tukumbuke kwamba sehemu ya msamiati tunaowafundishia tuliuchukua kwao.

Mwaka 1997 nilikuwa daktari mchanga Umasaini, upande wa Tanzania. Sotoka ilikuwa imerudi kaskazini mwa nchi, lakini si ile ya kwenye vitabu. Vitabu vilisema homa kali, machozi na kamasi, kuhara, kifo. Katika boma moja niliona ng'ombe wanatokwa machozi, wamepoa kidogo, wanakula. Nikaandika kwenye daftari: jicho, vumbi. Mzee mwenye boma akaniambia, "Daktari, mwanangu, umetazama macho tu. Mdomo umemwachia nani?" Akamkamata mtamba, akamfunua ufizi. Palikuwa na vidonda vidogo vyeupe, kama pumba za mahindi zilizobandikwa. Nilichukua sampuli, lakini nilikuwa nimechelewa. Siku za homa zilikuwa zimepita, na ndizo siku ambazo virusi hujaa kwenye machozi. Maabara haikupata kitu. Mpaka leo sijui niliona nini pale, na daftari lile ninalo.

Kirusi kilichorudi kaskazini mwaka ule kilikuwa cha ukoo wa pili wa sotoka ya Afrika, mpole kwa ng'ombe na mkatili kwa wanyamapori. Miaka mitatu kabla, mwaka 1994, kilikuwa kimeingia Tsavo kikaua nyati na tandala wadogo, wengine wakipofuka kwanza. Mwaka 1996 kikaonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Ugonjwa ukiwa mpole kwa ng'ombe, mfugaji haoni hasara ya kumpeleka kwa daktari, daktari haoni dalili ya kumtia wasiwasi, na ugonjwa unapita katikati yao kimyakimya. Ukali wa ugonjwa hutangaza habari zake wenyewe. Miaka ya 1890, sotoka ilipoteremka kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini kabisa mwa bara, haikuhitaji mtaalamu. Ilimaliza mifugo mingi kuliko iliyobaki, na Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai, maangamizi.

Sasa njooni kwenye fumbo lenyewe. Chanjo ya sotoka ilipatikana karibu na hapa. Walter Plowright na wenzake, pale Muguga nchini Kenya, walichukua kirusi kilichotokana na ng'ombe wa Kabete mwanzoni mwa karne ya 20, wakakipitisha karibu mara 90 katika chembe za figo za ndama mpaka kikapoteza ukali wake. Sindano moja, kinga ya maisha. Sijui chanjo ya mifugo iliyotenda mema zaidi ya ile. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo katika miaka ya kampeni za uchanjaji haikumsumbua mtu: kingamwili zinazoletwa na chanjo hazitofautiani na zinazoletwa na ugonjwa. Ukipima damu ya ng'ombe ukakuta kingamwili, hujui kama alikutana na sotoka au alikutana na mchanjaji. Tulipofanikiwa kuchanja ng'ombe wengi, tulijifunga kitambaa machoni wenyewe.

Njia ya kufungua kitambaa ilikuwa kuacha kuchanja, kisha kusubiri wazaliwe ng'ombe wasiojua sindano. Hebu mwambie waziri hivyo! Mwambie asimamishe kinga ya mifugo ya nchi ili wewe upate kujua jambo.

Nyati hakuwa na tatizo hilo. Hakuna aliyewahi kumpanga foleni kwenye josho. Kingamwili za sotoka zikionekana katika damu yake, maana ni moja tu, kirusi kilimpitia. Na kwa kuwa kingamwili hizo hudumu maisha yote, umri wake ni kalenda. Ndama mchanga tunamwacha, maana anaweza kuwa amenyonya kinga ya mama. Tunamtafuta wa mwaka mmoja hadi mitano hivi, ambaye meno yake ya mbele bado yanabadilika, kwa hiyo umri unasomeka kinywani. Nyati wa miaka mitatu mwenye kingamwili anakwambia kwamba kirusi kilipita hapa ndani ya miaka mitatu. Wenzake wa rika hilo wakiwa safi wote na wakubwa pekee ndio wanazo, unajua kilikuwepo kikaondoka.

Kipimo chenyewe ni Elisa ya ushindani, na wanafunzi wangu wanajua ninavyoipenda. Chukueni sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kila kishimo kimepakwa kirusi kilichouawa. Hivyo ni viti vya daladala. Tunaweka seramu ya mnyama, pamoja na kingamwili yetu ya maabara inayoleta rangi. Seramu ikiwa na kingamwili zake, zinawahi viti, yetu inakosa pa kukaa, rangi haitokei. Uzuri wake ni kwamba kipimo hakimuulizi abiria kabila lake. Ng'ombe, nyati, tandala, ngiri, wote wanapimwa kwa sahani moja. Bila sifa hiyo tungehitaji kitendanishi tofauti kwa kila mnyama wa porini, na kazi isingekwisha.

Serengeti ilikuwa imetuonyesha mapema ushahidi huu wa wanyama wasiochanjwa. Ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, nyumbu waliozaliwa baada ya hapo walikutwa hawana kingamwili, ingawa hakuna aliyewagusa. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Wengi tulikuwa tumeamini kwamba pori ndilo ghala la sotoka. Kumbe ghala lilikuwa zizini.

Mwaka 2001, katika Hifadhi ya Meru, Kenya, nyati walionekana na vidonda vya macho. Wakapimwa, kirusi kikapatikana. Hicho ndicho kisa cha mwisho cha sotoka kuthibitishwa popote duniani, na alikuwa nyati, si ng'ombe. Ikafuata miaka ya kutafuta kitu ambacho hakipo, kazi inayochosha kuliko kutafuta kilichopo, mpaka 2011 dunia ilipotangazwa kuwa huru.

Nisimpambe nyati kupita kiasi. Katika ndigana kali yeye ni mficha siri: anabeba vimelea bila kuumwa, na ng'ombe aliyeambukizwa na kupe waliotoka kwake hufa upesi, vimelea vikiwa vichache mno. Unamchoma tezi, unapaka kwenye kioo, unatia rangi ya Giemsa, unatazama kwa hadubini hadi shingo inauma, kioo safi. Jioni ng'ombe amekufa. Kwenye ndigana itokayo kwa nyati, kioo safi sikioni kama habari njema.

Ninachokishughulikia sasa ni ndugu wa sotoka, yaani sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo dunia imejiwekea lengo la kuifuta ifikapo 2030. Chanjo ipo, nzuri, na ina kasoro ileile: damu ya mbuzi aliyechanjwa na ya mbuzi aliyeugua zinasema neno moja. Katika Serengeti na Ngorongoro, nyati, nyumbu na swala wamekutwa na kingamwili zake bila dalili yoyote ya ugonjwa. Wenzangu wengine wanaona hapo ghala jipya la porini. Nakumbuka tulivyokosea kuhusu ghala la kwanza, kwa hiyo nimeomba kibali cha kuwalaza nyati wachanga wa mpakani mwa hifadhi, kundi kwa kundi, nitazame meno kabla ya kutazama damu. Helikopta sijapewa bado. Wazee waliokuja leo wameniahidi vijana wanaojua nyati hunywa maji wapi.