Jina la Kanga ni Mali ya Nani? Lugha, Urithi na Haki za Wabunifu Wadogo



Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo ni mpaka unaoizunguka nguo, mji ni uwanja wa kati, na jina ni yale maneno machache yanayoandikwa upande wa chini wa mji. Wataalamu wa Kiswahili wamelichunguza jina kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ni fasihi inayovaliwa: wanawake hulitumia kushukuru, kuonya, kujibu na kurusha kijembe pasipo kufungua kinywa. Sheria huitazama nguo hiyohiyo na kuuliza jambo jingine: kila sehemu ni mali ya nani? Swali hilo linagusa riziki ya mchoraji, ya mwenye duka dogo na ya mfumaji. Aidha, linawagusa wanaisimu, maana ushahidi unaohitajika ili kulijibu umo mikononi mwao zaidi kuliko mikononi mwa mawakili.

Istilahi zenyewe zinastahili kutazamwa kwanza. Kazi za sanaa na maandishi hulindwa na hakimiliki, uvumbuzi hulindwa na hataza, na nembo au majina ya kibiashara hulindwa na alama ya biashara. Zote huingizwa katika dhana ya miliki bunifu. Neno miliki lina asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya kawaida huhusishwa na shamba, nyumba au dola, yaani vitu vinavyoweza kuwekewa mipaka. Maneno hayawekewi mipaka kwa urahisi namna hiyo, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Mfano ulio bora uko Mombasa. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanzishwa mwaka 1887, zinajulikana pwani nzima kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye nguo. Mnunuzi akiyaona huamini kwamba anachonunua ndicho hasa alichokusudia. Maneno hayo yanafanya kazi ya alama ya biashara kwa maana kamili ya kisheria. Lakini juu ya nguo hiyohiyo yamo maneno mengine, yaani jina la kanga, ambayo kwa kawaida hayana mwenyewe. Basi kipande kimoja cha pamba kinabeba matini mbili: moja inasema wazi kuwa ni mali ya mtu, na nyingine inavaliwa na yeyote, inarudiwa na yeyote, na hakuna anayeulizwa ruhusa.

Je, huo ni upungufu wa sheria? La hasha. Hakimiliki hulinda namna fulani ya kueleza iliyobuniwa na mtu fulani. Hailindi wazo, na kwa kawaida hailindi kauli fupi mno. Majina mengi ya kanga ni methali za tangu zama au vipande vya nyimbo, na mengine huletwa dukani na wateja wenyewe. Jina likipata mmiliki mmoja, mwanamke anayetaka kumjibu jirani yake kwa jina hilohilo katika kanga ya duka jingine atakuwa amenyang'anywa ulimi. Ni afadhali jina libaki huru, hata kama aliyelitunga hapati chochote.

Mchoro wa mji na pindo ni habari nyingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi za sanaa tumizi zinalindwa, ziwe zimetengenezwa kwa mikono au kiwandani. Ulinzi huo huanza pale kazi inapoundwa bila kungoja usajili. Kwenye karatasi mchoraji mdogo ana haki sawa na kiwanda kikubwa. Sokoni mambo hayako hivyo. Mchoro uliouzika vizuri hupigwa picha, hupelekwa kiwandani ng'ambo, na hurudi ukiwa na bei ya chini kuliko ule wa asili. Mchoraji akienda kulalamika huulizwa athibitishe kwamba alitangulia, na aghalabu hana rasimu yenye tarehe wala stakabadhi ya kiwanda. Haki anayo, kinachokosekana ni kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayowahusu watunga kamusi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Lau ombi lingepita, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuiita bidhaa yake kwa jina lake. Pingamizi liliwasilishwa kwa niaba ya wazalishaji wa Kenya kwa msaada wa watetezi wa biashara ya haki, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Kanuni inayohusika si ngumu: jina la kawaida la aina ya bidhaa halifai kuwa alama ya mfanyabiashara mmoja wa bidhaa hiyo. Na ni nini kinachoonyesha kwamba jina ni la kawaida? Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni mashahidi wasiohongeka. Kitomeo ambacho mwanafunzi hukiona kikavu chaweza siku moja kuokoa soko la mfumaji.

Kisa cha "hakuna matata" kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kimesimuliwa kwa hasira kuliko kwa usahihi. Kauli hiyo ilikuwa imekwisha kuenea ulimwenguni kupitia wimbo Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982. Kampuni ya Disney iliitumia katika filamu ya The Lion King mwaka 1994, ikaomba kuisajili mwaka huohuo, na mwaka 2003 ikapewa usajili Marekani kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kupinga. Usajili wa namna hiyo haumkatazi mtu kuitamka kauli. Unahusu kuitumia kama alama kwenye bidhaa zilizotajwa. (Wazungumzaji wengi wa Unguja na Dar es Salaam, kusema kweli, husema "hamna shida" na kuwaachia watalii matata yao.) Hata hivyo, mshonaji mdogo anayetaka kuuza fulana zake Marekani hana uwezo wa kulipa wakili ili aelezwe tofauti hiyo, na woga humfanyia kazi mwenye alama hata pale sheria isipompa nguvu.

Sheria mpya zimejaribu kuvuka mipaka ya hakimiliki. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, iliyopitishwa chini ya ARIPO, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kiutamaduni, zinaitambua jamii kuwa mwenye haki. Kwa ngoma au dawa ya kijiji kimoja, utaratibu huo unaeleweka. Kwa kanga unatatiza. Neno leso lina asili ya Kireno. Nguo yenyewe ilichapwa Ulaya, kisha India na Japani, kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kuichapa. Wauzaji wake wengi walikuwa Wahindi, na waliompa maisha ni wanawake kutoka Lamu hadi Ngazija. Sheria ya Kenya inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya urithi huo. Karani wa Mombasa akifika kwenye nafasi ya jina la jamii yenye mali, itambidi aamue kama Unguja, iliyo nje ya kaunti yake na nje ya nchi yake, imo au haimo.