Roshani Yako, Paa la Jirani Yako

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba ghorofani. Zamani hapa Dodoma mazungumzo yetu yalikuwa ya viwanja. Lakini Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na sasa mtumishi mwenye kiinua mgongo chake au mkopo wa benki anapandishwa ngazi na dalali, anaonyeshwa fleti. "Hii ina roshani pana, yako peke yako. Jioni utapunga upepo hapa."

Mimi siwapingi wanaonunua fleti. Ninachosema ni kwamba kiwanja kina bikoni, na kila mtu anaziona. Fleti haina bikoni. Sakafu yako ni dari ya mwenzako, na roshani unayopungia upepo huenda ndiyo paa la jirani wa chini. Mipaka yake iko kwenye karatasi tu.

Tuchukue mfano wa mbali. Katika jiji la New York kuna majengo ya ghorofa yaliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mengi kati yake ni ya ushirika. Tangazo husema nyumba inauzwa, ina roshani ya peke yake. Kwa kweli mnunuzi hapewi hati ya nyumba hiyo. Ananunua hisa katika kampuni inayomiliki jengo zima, na hisa hizo zinampa mkataba wa kukaa humo. Halmashauri ya jengo humhoji, huchunguza mapato yake, na yaweza kumkataa. Akikubaliwa, kila mwezi hulipa ada ya jengo. Roshani nayo hubaki mali ya ushirika, yeye akipewa matumizi yake, na mkataba ndio unaosema nani ataitengeneza ikivuja.

Msidhani hayo ni mambo ya matajiri tu. Mwaka 1916 wahamiaji kutoka Finland, watu wa kazi, walijenga huko Brooklyn nyumba yao ya ushirika wakaiita Alku, yaani Mwanzo.

Nasi Ugogoni tulijua kuishi chini ya paa moja. Tembe lilikuwa na paa bapa la udongo, vyumba vikizunguka ua wa mifugo, na juu ya paa watu walianika nafaka. Wakaaji walikuwa watu wa kaya moja, na mkubwa wao alijulikana. Fleti inakukutanisha na watu usiowajua. Pasipo na undugu, sharti pawe na maandishi.

Maandishi hayo yapo. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kupata hati ya sehemu yake ya jengo. Maeneo yanayotumiwa na wote, kama vile ngazi, ni mali ya pamoja, kila mmiliki akiwa na fungu lake, na wamiliki huwa na chama cha kusimamia mali hiyo na kutoza michango.

Sisi wa Dodoma tunajua uzito wa karatasi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikitoa hati za miaka 33. Ilipovunjwa Mei 2017, Rais John Magufuli aliagiza zitolewe za miaka 99. Nyumba zilikuwa zile zile, na matofali yale yale. Kilichobadilika ni maandishi, na kwa mwenye nyumba hiyo ilikuwa tofauti ya kumwachia mjukuu au kutomwachia.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, kabla ya kwenda roshani omba kuona mchoro wa jengo uliosajiliwa. Je, roshani imo ndani ya mipaka ya fleti yako, au ni eneo la pamoja ulilokirimiwa kwa maneno? Mvua za Desemba zikipenya kwa jirani wa chini, nani analipa fundi? Chama cha wamiliki kipo? Mwaka jana kilikusanya kiasi gani, na kilitumia kiasi gani? Katika mji huu unaotegemea sana visima vya Mzakwe, umeme wa pampu inayopandisha maji hadi kwako unalipwa na nani? Na hati ya kiwanja chenyewe imebakiza miaka mingapi, na je, imewekwa rehani benki?

Dalali atakuambia kuna mteja mwingine njiani. Mwache aje. Fedha ya miaka thelathini ya utumishi haiwezi kushindwa kungoja siku tatu za kusoma karatasi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hadi juma lijalo, kwaheri.