Kibati Nyuma ya Geji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana kwetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundi. Sina makubwa. Nitawaeleza habari ya kibati kidogo kuliko kiberiti, kilichonilaza njiani na mgonjwa.

Nilikuwa na gari la Kiingereza la miaka ya 1960. Usiku mmoja nilikuwa nampeleka baba hospitali. Geji ilionyesha robo tanki. Kabla ya kufika Korogwe injini ikazima: petroli imekwisha. Tulikaa kando ya barabara mpaka alfajiri, lori lilipotusaidia. Baba alipona, lakini usiku ule sijausahau.

Fundi alibadilisha boya la tanki, haikufaa kitu. Kisha akasema injini inachemka, maana mshale wa joto nao ulikuwa juu, ingawa rejeta haikuwa na kasoro. Hapo nikajiuliza: mishale miwili ikidanganya pamoja, tena kwa kuzidisha, je, si inakunywa kisima kimoja?

Kisima hicho ndicho kibati chenyewe. Betri ni ya volti 12, na injini ikinguruma umeme hufika kama volti 14. Geji za namna ile zimetengenezwa kwa volti 10. Ndani ya kibati mna ukanda wa metali mbili, uliozungushiwa waya mwembamba. Waya ukipata moto, ukanda hupinda na kukata umeme. Ukipoa, huunga tena. Wastani wake huwa volti 10. Wanafunzi wa fizikia, hilo ni somo lenu la kutanuka kwa metali!

Lakini waya ule hupata moto iwapo tu kibati kimeshikana na bodi ya gari. Changu kilikuwa na kutu chini ya skrubu. Ukanda haukupata moto, wala haukukata umeme. Geji zikapewa umeme wote, na tanki lililokaribia kukauka likaonekana lina robo.

Nilipokifungua nikakuta ncha zake nazo zimeungua. Nikatoa vya ndani, nikaweka kidhibiti cha elektroniki nambari 7810, kitoacho volti 10 bila kukatakata. Kina miguu mitatu: wa kwanza hupokea umeme wa betri, wa kati huenda kwenye bodi, wa tatu hulisha geji. Kati ya wa kwanza na wa kati nililehemu kapasita ya maikrofaradi 0.33, kati ya wa tatu na wa kati, ya 0.1. Mgongo wake niliukaza kwenye kibati ili upoe. Nikapima kwa mita: volti 10.

Tahadhari ni tatu. Fungua waya wa betri kwanza. Kwangua kutu yote, kwani hata hiki kipya kikikosa bodi kitadanganya vilevile. Na magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana chanya ya betri kwenye bodi. Humo usikifunge hivi.

Ndugu zangu, geji iliyokufa haina hatari kubwa. Utapima tanki kwa kijiti. Ya kuogopwa ni ile inayosema uongo nawe ukaiamini. Nanyi vijana, kabla ya kubadilisha kifaa, ulizeni kwanza kinalishwa na nini.