Uzuri wa Sura Katika Kuoana

Enyi ndugu zangu wa Buyenzi, msidhani kwamba dini yetu yaudharau uzuri wa sura. Mughira bin Shu'ba alipoposa, Mtume (s.a.w.) alimwamuru amtazame kwanza mwanamke, kwani hilo huelekea kudumisha mapenzi baina yao. Basi kijana apendaye sura nzuri halaumiwi, wala halaumiwi binti amkataaye mtu asiyempendeza.

Lakini uzuri ni mlango, si nyumba. Mtume alipomposea Julaibib, mtu mfupi asiye na sura ya kupendeza, wazazi wa binti walisita. Binti mwenyewe akaridhia. Baadaye Julaibib alikutwa amekufa vitani kando ya maadui saba aliowaua, na Mtume akambeba kwa mikono yake hadi kaburini.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtu mwema akija kuposa, msimrudishe kwa ajili ya ufupi wake au weusi wake kabla ya kumwuliza binti. Nanyi mabinti, msijichubue ngozi kwa madawa. Homa ikiingia nyumbani usiku, hautazamwi uso. Hutafutwa mkono wenye huruma.