Radi Ikipiga, Usimkimbie Aliyepigwa



Ndugu zangu, najua mlitarajia niongee juu ya saumu. Leo naongea juu ya radi. Mimi ni mtu wa Mumias, na kwetu mvua ya alasiri haiji kimyakimya.

Nilikuwa darasa la sita mtu mmoja wa mtaani alipopigwa na radi chini ya mwembe. Alikuwa amejikinga mvua tu. Watu wakajaa, wakasimama mbali, mmoja akapiga kelele: "Msimguse, bado ana stima!" Basi hakuna aliyemgusa. Halafu maneno yakaanza: nani kamtumia radi? Alikosana na nani? Kufikia Ijumaa kuna mzee jirani hakuweza tena kupita njiani kwa amani.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Ukivua sweta ya nailoni Nairobi mwezi wa Januari, hewa ikiwa kavu, unasikia inalia, na gizani unaona cheche. Huo ni umeme tuli. Vitu vimesuguana, chaji zikahama. Ndani ya wingu la mvua vipande vya barafu hugongana vivyo hivyo, chaji zikajikusanya mpaka hewa ikashindwa kuzizuia. Cheche ile huichoma hewa hadi nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hutanuka ghafla, na huo mshindo ndio ngurumo. Umeme unatafuta njia ya kufika ardhini. Haujui jina la mtu wala ugomvi wa shamba, na nguo nyekundu au kioo cha ukutani havihusiki.

Tuliopita madrasa tunajua kuna sura nzima, ya 13, iitwayo Ar-Ra'd, yaani Ngurumo. Dua ya ngurumo isome. Lakini isomee ndani, sio chini ya mwembe!

Na ndani ni wapi? Baraza la msikiti halitoshi, wala kibanda cha nyasi. Hata darasa linaweza lisitoshe: Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18. Afadhali jengo kubwa lenye nyaya na mabomba yaliyofika ardhini, au gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo. Sio matairi yanayokuokoa, ni ile bodi inayopitisha umeme kukuzunguka. Bodaboda haina bodi, usijidanganye. Ukisikia ngurumo ingia, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Tarawehe ikiisha kunanguruma, kaeni. Usiegemee grili za dirisha, na udhu wa bomba usubiri.

Turudi kwa yule wa chini ya mwembe. Mwili wa mtu hauweki stima. Aliyepigwa unaweza kumshika saa ile ile, na kama bado kunapiga, msogezeni kwanza. Radi husimamisha moyo na pumzi. Mara nyingi moyo huanza wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo ukikosa hewa husimama tena. Hizo dakika chache ndizo zake. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayejua kumpulizia pumzi mdomoni ampulizie. Mwingine apige simu. Wakiwa wengi, anza na aliyenyamaza, kwa sababu anayelia anapumua.

Yule mtu alilala pale karibu nusu saa. Mwanawe nilikuwa nikikaa naye dawati moja.

Nimeleta mito miwili. Baada ya swala tutafanya mazoezi ya kukandamiza kifua, ndugu huku mbele, akina dada upande wao na mto wao. Asiondoke mtu.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.