DHAHABU NYEKUNDU: KAZI YA MKEMIA MMOJA NA MAABARA YA SHULE YETU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wa mwaka)



Niliombwa nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Mada hiyo ni pana kama bahari, kwa hiyo nimeona nichote kikombe kimoja tu: kazi ya mkemia wa Marekani, Chad Mirkin, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mimi si mtafiti. Nilisoma kemia Chuo Kikuu, kisha nikaingia utumishi wa Serikali. Lakini kazi ya bwana huyu inagusa jambo tutakalolipigia kura alasiri ya leo.

Mirkin alizaliwa mwaka 1963, akapata shahada ya udaktari mwaka 1989, na mwaka 1991 akaanza kazi Northwestern. Fani yake ni nanoteknolojia, yaani ufundi wa vitu vidogo mno. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Katika udogo huo vitu hubadili tabia. Dhahabu tuijuayo ni ya njano, lakini ikiwa chembe za nanometa 13 zinazoelea majini, maji huwa mekundu. Chembe hizo zikikaribiana, rangi hugeuka kuwa ya zambarau na buluu. Dhahabu nyekundu si jambo geni. Michael Faraday wa Uingereza aliichunguza mwaka 1857. Lililobaki lilikuwa kupata njia ya kuziamuru chembe zikusanyike pale tunapotaka sisi.

Jibu lilikuwa kwa jirani. Katika chuo hichohicho alikuwapo mkemia mkongwe, Robert Letsinger, aliyezaliwa mwaka 1921, fundi wa kutengeneza nyuzi za DNA. Vijana wa biolojia wanajua kwamba DNA ina herufi nne: A hushikana na T, G hushikana na C. Wakemia hao walifunga nyuzi fupi za DNA kwenye chembe za dhahabu kwa kutumia salfa. Ukiongeza uzi wenye herufi zinazolingana na nyuzi hizo, chembe hushikana na rangi hubadilika. Ukipasha moto, zinaachana, na wekundu unarudi. Waliyatangaza hayo katika jarida la Nature mwaka 1996. Toleo hilohilo lilikuwa na kazi ya namna hiyo ya Paul Alivisatos wa California. Na mwaka 2024 wote wawili, pamoja na Robert Langer, walipewa Tuzo ya Kavli.

Mwaka 1997 wakaonyesha faida yake. Uzi wenye herufi moja tu iliyokosewa huachia kwenye joto la chini kuliko uzi sahihi. Basi hapo wamepata bayosensa: chombo kinachotumia kitu cha mwilini kutambua kitu kingine, na jibu likaonekana kwa macho. Walianzisha kampuni, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu kipimo chao cha kusoma DNA ya mgonjwa, ili daktari ajue mwili wake unavyoitumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tangu mwaka 1996 hadi hapo ni miaka 11. Vijana, sayansi haivunwi msimu uleule inapopandwa.

Msidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu kidoleni, huonyesha mstari mwekundu kwa chembe za dhahabu. Hivyo havitumii DNA, hutumia kingamwili. Lakini rangi ni ileile ya Faraday. Katika kazi yangu hupitisha hati za maboksi ya vipimo hivyo, na maboksi yanayofika mezani kwangu yameandikwa kuwa yametengenezwa ng'ambo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye kura. Mfuko wetu unatosha jambo moja: lango jipya au ukarabati wa maabara. Wanaotaka lango wana hoja. Lango ni usalama, na ni sura ya shule. Lakini leo asubuhi nimeingia maabara. Mabomba hayatoi maji, na jaribio la asidi na alkali vijana wanalichora ubaoni. Wanaandika daftarini kwamba rangi imegeuka, na hawajaiona ikigeuka.

Kazi yote niliyoisimulia imesimama juu ya watu waliotazama rangi ikigeuka wakauliza kwa nini, na juu ya jirani aliyekuwa na maabara yake inayofanya kazi. Hatuwezi kumwahidi kijana yeyote Tuzo ya Kavli. Tunaweza kumpa maji, bureti na chupa ya asidi. Mimi kura yangu ni ya maabara, na mchango wangu wa mwaka nimekwisha mkabidhi Mtunza Hazina.